Kusafisha fuvu la mbuzi nyumbani: mwongozo kamili kwa wapenda vitu vya kutisha

Kuna watu wakiona fuvu hugeuza uso, na kuna sisi tunaosogea karibu. Mimi tangu utotoni nilipenda hadithi za mazimwi kuliko za sungura, na sasa sebuleni kwangu kuna rafu ambayo wageni huikagua kwa pembe ya jicho kabla hawajakaa vizuri. Ina mafuvu ya mbuzi, ya kondoo na ya jogoo, pamoja na popo wa magazeti niliowabandika kwa uji wa unga wa muhogo. Maswali ya wageni huwa ni mawili: huogopi? Na mbona hainuki?

La kwanza nalijibu haraka: naogopa kidogo, na hiyo ndiyo raha yenyewe. La pili ndilo la mwongozo huu. Fuvu lililosafishwa sawasawa halinuki kabisa, halileti nzi, halibadiliki kuwa la manjano, na linakaa miaka na miaka. Linalonuka ni lile lililoharakishwa. Mafuvu mengi ninayoonyeshwa yameharibiwa na vitu vitatu: moto, haraka na jiki. Ukiviepuka hivyo, kazi iliyobaki ni ya maji, sabuni na subira.

Kwa nini mbuzi, na si kingine

Mbuzi anapatikana kila mahali, kichwa chake kinaingia kwenye ndoo ya kawaida, mifupa yake ni migumu kiasi cha kuvumilia mikono ya anayejifunza, na ana pembe. Ng'ombe anahitaji pipa na uwanja mkubwa. Nguruwe ana mafuta mengi mno, utamsafisha hadi uchoke. Samaki kichwa chake huachana vipande vingi mno.

Kuhusu wanyamapori, hapa sina mzaha. Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu viungo vya mnyamapori kuwa nyara za serikali, na kuwa navyo bila kibali ni kosa. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2013 inayoelekea huko huko. Haijalishi kwamba hukuua, kwamba ulilikuta fuvu la digidigi limelala porini kando ya njia, kavu na zuri. Liache hapo lilipo. Piga picha ukipenda. Gamba la kasa uliloliokota ufukweni usilichukue pia.

Na fuvu la binadamu si pambo. Najua ziko sehemu kama Sedlec, huko Chekia, ambako mwaka 1870 František Rint alipanga mifupa ya maelfu ya watu ndani ya kanisa hadi ikatoka taa kubwa ya kuning'inia. Nimeziangalia picha zake kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kukiri. Lakini wale walikuwa watu waliozikwa katika ardhi ya kanisa lile. Kwetu historia ni nyingine. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipojiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, ukaamuru kirudishwe, na bado ilibidi kusubiri hadi 1954 ndipo fuvu likafika Kalenga, Iringa, linakohifadhiwa mpaka leo. Yako mafuvu mengine zaidi ya 1,000 kutoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, yaliyobaki katika makusanyo ya Berlin. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuuzia fuvu la mtu, hata akikuambia ni la kufundishia tu, ondoka.

Tubaki na mbuzi.

Hatua ya 1: Kupata kichwa kizima

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, kwa sababu bucha zetu zinaandaa kichwa kwa ajili ya supu. Kinababuliwa motoni mpaka manyoya yaishe, pembe zinagongwa zidondoke, kisha kinapasuliwa katikati kwa shoka. Kwa supu ni sawa. Kwa fuvu ni hasara tupu: moto unaunguza mfupa na kuutia nyufa, pembe zinapinda na kunuka, na shoka linamaliza kilichobaki.

Basi nenda mapema, kabla muuza nyama hajaanza kuandaa vichwa, na useme wazi. Mazungumzo yangu na muuza nyama huwa hivi:

"Kaka, leo nataka kichwa kizima. Usikibabue, usikipasue, na pembe uziache."

"Utakibabua mwenyewe nyumbani, dada?"

"Sikibabui. Nataka fuvu."

Kimya kidogo. Halafu anacheka, ananiuliza kama mimi ni mwalimu wa bayolojia, na ananipa. Sema ukweli siku ya kwanza. Ukibuni hadithi ya mganga au ya mchezo wa kuigiza, utalazimika kuibeba hadithi hiyo kila ukirudi.

Msimu wa Idd Kubwa ni mzuri kuliko yote, mbuzi wanachinjwa mitaani na majirani wengi hawana shida kukuachia kichwa. Chagua dume mwenye pembe nzuri ikiwezekana, na angalia meno ya mbele ya chini kama yapo yote.

Sharti moja: mnyama awe amechinjwa akiwa mzima na nyama yake imekaguliwa. Usiguse kamwe kichwa cha mnyama aliyekufa mwenyewe, hasa aliyekufa ghafla na damu kumtoka puani au mdomoni. Hiyo inaweza kuwa kimeta, na vimelea vyake vinaweza kukaa kwenye udongo na mifupa kwa miongo. Hapo unatoa taarifa kwa ofisa mifugo na unakaa mbali. Ukiwa mjamzito, au una kidonda mkononi, mwachie mwingine kazi ya nyama mbichi. Magonjwa kama brusela hupita kirahisi kwenye ngozi iliyochubuka.

Vifaa

Huhitaji vingi. Ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko, moja ikiwezekana nyeusi. Kisu kidogo chenye makali na kingine butu. Glavu nene za mpira, barakoa, miwani ya kinga. Waya mgumu wa kama futi moja. Mswaki wa zamani, kibano, chujio la nailoni au soksi ndefu ya kike ya zamani. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ya kawaida isiyo na klorini. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, lita mbili au tatu. Gundi nyeupe ya mbao. Trei ya mayai kwa ajili ya meno. Vyote hivi vitengwe na vya jikoni moja kwa moja, na ndoo uiandike kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu katika nyumba zetu ndoo haina mwenyewe.

Hatua ya 2: Kuondoa ngozi na nyama

Fanya kazi nje, juu ya gunia au nailoni. Kata ngozi kuanzia kidevuni kwenda shingoni, kisha ichune kuelekea juu, ukizunguka pembe kwa uangalifu. Ngozi inashika sana puani na kwenye midomo. Hapo usivute, kata polepole huku ncha ya kisu ikielekea kwenye ngozi, si kwenye mfupa. Mkwaruzo wa kisu kwenye mfupa hautoki tena.

Ulimi utoe mzima, na nyama ya mashavu pia. Kama kichwa ni kibichi na kimekaguliwa, hivyo viwili ni mboga na sioni sababu ya kuvitupa. Nyumbani kwangu siku ya fuvu jipya huwa ni siku ya ulimi wa kukaanga kwa vitunguu vingi.

Taya la chini linatoka ukishakata misuli ya mashavu pande zote mbili na kulivuta chini hadi kiungo kiachie. Usilitumie nguvu kwenda upande mmoja. Macho yatolewe kwa kisu kidogo, ukizunguka ukingo wa tundu la jicho. Kumbuka ukingo huo ni mfupa mwembamba, na ndani yake, upande wa mbele, kuna kifupa laini sana kinachovunjika kwa kuguswa tu.

Ubongo unatokea kwenye tundu la nyuma, pale uti wa mgongo unapoanzia. Ingiza waya uliokunjwa ncha, koroga taratibu, kisha piga maji kwa nguvu. Rudia hadi maji yatoke karibu meupe. Hapa ndipo penye uvivu wa watu wengi, na ndipo harufu itakapotoka baadaye. Usipanue tundu kwa nyundo.

Puani ndani usiguse. Kuna vifupa vilivyojikunja, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vinavyopasha hewa joto kabla haijafika mapafuni. Kisu kikiingia humo vinasagika. Viachie maji yafanye kazi.

Hatua ya 3: Kuozesha kwa maji

Sasa tunafika kwenye kiini cha kazi, na pia kwenye sehemu inayonuka. Hakuna njia ya kuipamba.

Weka fuvu na taya kwenye ndoo, jaza maji ya kawaida mpaka yafunike mifupa yote, kisha funika. Usiweke chumvi, usiweke sabuni, usiweke dawa yoyote. Tunachotaka ni bakteria wale nyama, na bakteria wanapenda maji ya uvuguvugu yasiyo na kitu. Watu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja tuna bahati: ndoo nyeusi ikikaa juani mchana inapata joto la kutosha bila gharama. Aliye Njombe au Limuru atasubiri zaidi, na afadhali aiweke ndoo mahali panapopata jua la asubuhi hadi jioni.

Kila baada ya siku kadhaa mwaga maji nusu, ongeza mapya. Nusu, si yote, kwa sababu ukimwaga yote unawatupa na wafanyakazi wako. Mwaga kupitia chujio kila mara. Meno ya mbele ya mbuzi yanaanza kulegea mapema na ni madogo, yakienda na maji hayarudi. Maji machafu yaende kwenye shimo mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga, kisha ufukie. Mfuniko uufunge kwa jiwe au kwa mpira. Mbwa na paka wa mtaa mzima watajua kuna nini humo kabla ya majirani.

Wiki ya kwanza maji yanakuwa mekundu ya kahawia. Baadaye yanakuwa ya kijivu yenye utando juu, na hapo ndipo harufu inafikia kilele. Ukitia mkono wenye glavu utakuta nyama imegeuka kitu cha kuteleza kinachoachia mfupa chenyewe. Pwani, kichwa kilichochunwa vizuri huchukua kama wiki mbili mpaka nne. Bara kwenye baridi inaweza kuzidi wiki sita. Usikwangue ili kuharakisha. Gegedu za puani na za kwenye viungo ndizo za mwisho kuondoka.

Pembe zina utaratibu wake. Kila pembe ni vitu viwili: kiini cha mfupa kilichoota kutoka kwenye fuvu, na gamba gumu la nje ambalo ni la asili moja na kucha zetu. Katikati kuna tishu yenye damu, nayo ikioza gamba linaachia. Baada ya wiki moja au mbili jaribu kulishika gamba karibu na shina, lizungushe kidogo huku unalivuta. Likitoka, linatoka kwa mlio mdogo wa kunyonya ambao binafsi naupenda sana, na kwa harufu ambayo siipendi hata kidogo. Lioshe ndani kwa sabuni na mswaki, likaushe kivulini, liweke kando. Gamba lisikae majini hadi mwisho, litabanduka tabaka kwa tabaka. Kama pembe ni ndefu na zimetokeza juu ya maji, zizungushie kitambaa chenye maji kisha mfuko wa plastiki, mvuke utalegeza gamba vile vile.

Njia nyingine zipo. Kufukia ardhini ni rahisi na hakunuki, lakini udongo unatia rangi ya kahawia na inachukua miezi mingi. Ukiamua hivyo, weka fuvu ndani ya wavu wa chuma au kikapu ili meno yasipotee na mbwa wasifukue. Makumbusho makubwa hutumia wadudu wadogo wanaokula nyama kavu, kazi yao ni safi ajabu, ila ukiwafuga nyumbani siku wakitoroka watahamia kwenye mazulia na vitu vyako vya ngozi.

Kuchemsha ndiko ambako kila mtu atakushauri. Moto mdogo sana, maji yasichemke, unaweza kukusaidia kwa muda mfupi. Kuchemsha kwa kutokota, kama supu, kunayeyusha mafuta na kuyasukuma ndani ya mfupa, kunalegeza mishono ya fuvu, na kunavunja ile protini inayoshikilia madini ya mfupa pamoja. Fuvu lililochemshwa saa tano linaonekana jeupe siku ya kwanza. Baada ya miezi ni la manjano na linadondosha unga.

Hatua ya 4: Kuondoa mafuta

Hapa ndipo fuvu zuri na fuvu bovu zinapoachana, na hapa ndipo watu wanaporuka.

Nyama ikishaisha, suuza fuvu mara nyingi kwa maji safi, kisha liweke kwenye ndoo ya pili yenye maji ya uvuguvugu na sabuni nyingi ya vyombo. Litulie. Baada ya siku chache utaona maji yamekuwa ya mawingu na juu yamepiga utando au vitone vya mafuta vya manjano. Mwaga, weka mapya. Rudia hivyo hivyo, wiki baada ya wiki. Mbuzi aliyenona anaweza kuchukua mwezi na zaidi, na taya la chini mara nyingi ndilo la mwisho kuisha mafuta. Ukiwa na jua, ndoo nyeusi tena. Maji baridi yanagandisha mafuta humo humo.

Utajuaje yameisha? Toa fuvu, likaushe kivulini siku nne tano, kisha lichunguze mchana kwenye mwanga wa dirishani. Mfupa safi ukikauka ni mkavu wote, rangi moja isiyong'aa. Penye mafuta panaonekana kama bado pana maji: doa la manjano lenye kuangaza kidogo, hasa nyuma ya fuvu, kwenye mashina ya pembe na pembeni mwa taya. Ukiligusa kwa kitambaa cha karatasi na kukibana kwa muda, karatasi inapata alama. Doa likiwepo, rudisha kwenye sabuni.

Wengine hutumia asetoni au petroli. Siwashauri. Vyote viwili vinashika moto kwa cheche ndogo, na mvuke wake katika chumba kimoja cha kupanga ni hatari kuliko mzimu wowote. Sabuni ni ya polepole na inafika.

Hatua ya 5: Kung'arisha

Kung'arisha si lazima. Mimi nina mafuvu niliyoyaacha na rangi yao ya maziwa ya mgando, na nayapenda kuliko meupe. Lakini ukitaka weupe, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na hiyo tu.

Jiki usiitumie kamwe. Mfupa ni madini yaliyoshikiliwa na protini. Klorini inaila protini hiyo, na haiachi kuila ulipodhani umesuuza. Uso wa mfupa unakuwa wa chokaa, unapukutika ukiupitisha kidole.

Weka fuvu kwenye chombo cha plastiki au kioo, si cha chuma. Vaa glavu na miwani. Mimina peroksaidi hadi ifunike kila kitu. Kama haitoshi, ongeza maji kidogo na kubali kwamba itachukua muda zaidi. Utaona mapovu madogo yakitoka kwenye vitundu vya mfupa. Funika kwa kuegesha tu, usikaze mfuniko, kwa sababu gesi ya oksijeni inatoka humo na chombo kilichofungwa kinaweza kupasuka. Weka mbali na jua na watoto. Siku moja mpaka mbili zinatosha kwa kawaida. Magamba ya pembe yasiingie, yanapauka vibaya.

Saluni zinauza peroksaidi kali zaidi, za asilimia 6 au 12, nyingi zikiwa za mafuta mazito ya kupaka. Zinang'arisha haraka, zinaunguza ngozi, na zinakula vifupa vya puani. Kwa fuvu la kwanza sioni haja.

Ukimaliza, suuza na ukaushe kivulini penye upepo. Jua kali moja kwa moja linapasua meno.

Hatua ya 6: Kurudisha meno na pembe

Mbuzi mzima ana meno 32, na hana hata moja la mbele juu. Wengi wakiona fuvu wanadhani yamedondoka. Juu mbele kuna ufizi mgumu tu, ambao nao umeoza na kwenda. Chini mbele yapo nane, na haya ndiyo yatakayokuwa kwenye trei yako ya mayai. Yapange kwa ukubwa na mkunjo: mawili makubwa ya kati kwanza, kisha kwenda pembeni kwa jozi. Jaribu kila moja kwenye tundu lake kabla ya gundi. Jino sahihi linaingia na kutulia. Lisilo lake linachezacheza. Bandika kwa tone dogo la gundi nyeupe, ambayo ukikosea inalainika kwa maji. Gundi ile ya papo kwa papo haina msamaha.

Kazi hii ya trei ya mayai naifurahia kuliko zote, na kila mara humfikiria Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, aliyeona mfupa ukichungulia ardhini Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Lile fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, Zinjanthropus, la karibu miaka milioni 1.75, lilikuwa vipande vipande, na ilibidi kuokotwa, kuchekechwa na kuunganishwa kimoja baada ya kingine. Lipo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mimi nina meno nane na mbuzi wa wiki kadhaa zilizopita, na bado natoka jasho.

Taya la chini mara nyingi huachana vipande viwili katikati. Hiyo ni kawaida kwa mbuzi, unganisha kwa gundi na ulifunge kwa mpira usiku kucha. Magamba ya pembe yarudishe mwisho, yakiwa yamekauka kabisa, na gundi kidogo sana ndani. Zingatia la kulia na la kushoto.

Kusoma ulichonacho

Sasa keti nalo. Meno ya mbele yatakuambia umri: jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutoka mbuzi akiwa na mwaka mmoja hivi na kidogo, jozi zote nne zikiwa zimekamilika ana miaka minne au karibu. Mistari iliyopindapinda juu ya fuvu ni mishono kati ya mfupa na mfupa. Kwa mbuzi mchanga iko wazi, kwa mzee imefungana karibu kufutika. Matundu ya macho yako pembeni kabisa, kwa sababu huyu alizaliwa kuwindwa na alihitaji kuona nyuma bila kugeuka. Mlinganishe na paka, ambaye macho yake yako mbele. Ninayapenda mambo ya kutisha kwa sababu hii hasa. Zimwi la hadithi halikuambii kitu zaidi ya kwamba lina njaa. Fuvu halisi, ukilisogelea, linasema alikula nini, aliishi muda gani, alikuwa anaogopa upande gani.

Majirani

Usifanye kazi hii kwa siri. Nasema hivi kwa uzito. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mwaka 1995 hofu ya Popobawa, zimwi linalosemwa huvamia watu usiku, iliwafanya watu wa Pemba na Unguja walale nje makundi makundi. Hofu ya watu ni kitu halisi hata kama wanachokiogopa si halisi. Tanzania bado ina Sheria ya Uchawi inayozungumzia hata kumiliki zana za uchawi. Fuvu lililofichwa uvunguni na kuonekana kwa bahati mbaya linaweza kuleta kesi. Lile ambalo mtaa mzima umeliona likioshwa kwa sabuni halina habari.

Bibi wa nyumba ya pili aliniuliza mapema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, ndoo ile ina nini?"

"Kichwa cha mbuzi, bibi. Naozesha nyama nipate mfupa."

"Wa nini?"

"Kuweka tu sebuleni. Nikutazamie umri wake kwa meno?"

Alikuja akakaa. Alifuga mbuzi ujana wake wote, akanifundisha kutazama meno kuliko nilivyokuwa najua. Sasa ndiye anayewatetea popo wangu wa magazeti kwa wageni wake.

Kwa hiyo: waambie kabla harufu haijaanza, weka ndoo upande ambao upepo hauendi kwao, na fuvu likikamilika liweke ndani. Usilitundike mlangoni wala kwenye nguzo ya uzio. Usilifunge kitambaa chekundu wala cheusi ili lipendeze. Ukiwa unapanga, mweleze mwenye nyumba kwanza.

Chini ya kila fuvu mimi nabandika karatasi ndogo: mnyama gani, dume au jike, umri kwa makadirio, limetoka wapi, mwezi na mwaka. Makumbusho hufanya hivyo ili kumbukumbu isipotee. Mimi nafanya hivyo pia kwa ajili ya polisi, wakija.

Utunzaji ni mdogo. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu. Unyevu wa pwani unaweza kuleta ukungu masika, basi liwe mahali penye hewa. Ukungu ukitokea, futa kwa kitambaa chenye peroksaidi kidogo na ukaushe. Ukitaka kulikinga, paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji mengi, tabaka moja jembamba lisilong'aa. Doa la manjano likijitokeza baada ya miezi, hayo ni mafuta yaliyobaki: pembe zitoe, rudi kwenye sabuni.

Ukitaka la pili, chukua kondoo. Kazi ni ile ile ila pembe za dume ni nzito na gamba lake linagoma zaidi. Kuku fanya baada ya hapo, siku chache tu majini, kwa chombo kidogo na chujio lenye matundu membamba. Kichwa cha samaki changu kiache mpaka uwe na trei nyingi za mayai.